Omba kwa dakika: swala, kazi, ndoa na mazishi kwa Mwislamu anayeishi Magharibi

Matatizo mengi ya dini yanayomkuta Mwislamu kazini na shuleni katika nchi za Magharibi hayaanzi na chuki. Huanza na ombi lisilo na kipimo. Mfanyakazi akisema "naomba nafasi ya kuswali", msimamizi hajui ni mara ngapi kwa siku, ni dakika ngapi, ni wapi, wala nani atashika kazi kwa muda huo. Asichoweza kukipima hukikataa. Lakini akiambiwa "dakika 7, mara moja kwa siku, jua linapozama, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari, katika chumba kidogo cha mikutano, na nitazifidia jioni", ana kitu mkononi cha kukubali. Hilo ndilo linalohimizwa hapa tangu mwanzo hadi mwisho: pima, andika, omba mapema.

Saa zote zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili. Saa 9:53 alasiri kwenye simu ya Ulaya husomeka 15:53.

Kwanza, jua uko chini ya sheria ipi

Watu husema "nchi za kisekula" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Ufaransa ilitenganisha dola na dini kwa sheria ya 1905, na maana yake ya leo ni kwamba mtumishi wa umma haonyeshi dini yake akiwa kazini. Uingereza ina kanisa rasmi, na mfalme ndiye mkuu wake, lakini Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda mfanyakazi asibaguliwe kwa dini. Marekani imekatazwa na Rekebisho la Kwanza la Katiba, la 1791, kuweka dini ya taifa au kuzuia mtu kuabudu. Ujerumani inalinda uhuru wa imani kwa kifungu cha 4 cha Katiba yake, na serikali hushirikiana na jumuiya za dini badala ya kuzikwepa.

Kwa hiyo muuguzi aliyevaa ushungi katika hospitali ya umma London yuko ndani ya haki yake, ila atatakiwa kuacha mikono wazi chini ya viwiko kwa ajili ya usafi anapomhudumia mgonjwa. Muuguzi huyohuyo katika hospitali ya umma Lyon hataruhusiwa ushungi kabisa. Usikubali ushauri wa ndugu aliyeko nchi nyingine, hata akiwa msomi, kabla hujauliza sheria ya pale ulipo. Uliza mambo mawili: nchi hii inasema nini, na mimi hapa nimesimama kama nani, yaani mtumishi wa umma, mwajiriwa wa kampuni, mwanafunzi, au mpita njia. Ufaransa, msichana wa sekondari ya serikali haruhusiwi kuvaa ushungi shuleni kwa sheria ya 15 Machi 2004, lakini akifika chuo kikuu sheria hiyo haimhusu tena.

Swala kazini

Chukua London mfano, kwa sababu miji mingi ya kaskazini mwa Ulaya inafanana nayo.

Tarehe 21 Desemba, Adhuhuri inaingia karibu saa 6:00 mchana, Alasiri kwa hesabu ya Kishafi karibu saa 7:40, Magharibi saa 9:53, na Isha karibu na saa 12:00 jioni. Tarehe 21 Juni, Adhuhuri ni saa 7:02 mchana, Alasiri karibu saa 11:25 jioni, na Magharibi saa 3:21 usiku. Mtu anayefanya kazi kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:30 jioni ana swala tatu ndani ya zamu wakati wa baridi, na moja tu wakati wa kiangazi. Ndiyo maana ombi moja la mwaka mzima halifai. Ukiomba "swala tatu kila siku" umeomba zaidi ya unachohitaji kwa miezi mingi.

Sasa angalia jinsi mapumziko ya chakula yanavyoweza kubeba mzigo. Ukipewa mapumziko kuanzia saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana katikati ya Desemba, swali Adhuhuri saa 7:00, ule, kisha uswali Alasiri saa 7:45 kabla hujarudi. Swala mbili, kila moja ndani ya wakati wake, bila kumwomba mtu chochote. Mwenzako wa madhehebu ya Hanafi hataweza kufanya hivyo, maana Alasiri yake huanza kivuli kinapozidi kile cha adhuhuri kwa mara mbili ya urefu wa kitu, karibu saa 8:06. Hiyo ndiyo sababu ratiba za misikiti mingi ya Uingereza, ambayo waumini wake ni wa asili ya Bara Hindi, huonyesha Alasiri ya kuchelewa. Si kosa la uchapaji.

Inabaki Magharibi. Hapo ndipo unapohitaji ruhusa. Ukisema utaingoja mpaka utoke saa 11:30, mwezi wa Desemba unabakiwa na dakika kama 30 kabla ya Isha kuingia, nawe uko ndani ya treni. Swala ya faridhi ya rakaa tatu, bila haraka, huchukua dakika 5. Kama udhu uko tayari, 7 zinatosha. Omba 7.

Barua yako iwe na mambo haya, kwa lugha ya nchi: swala ipi, dakika ngapi, saa ngapi hadi saa ngapi kwa tarehe zipi, mahali gani, nani atashika kazi, na utafidia vipi. Kwa mfano: "Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Januari ninahitaji dakika 7 za swala jua linapozama, kati ya saa 9:50 na saa 10:50 kutegemea tarehe. Jedwali la saa za kila juma limeambatanishwa. Nitatumia chumba kidogo cha mikutano kikiwa wazi, na kama kina watu, kona ya ghala. Mwenzangu wa zamu amekubali kupokea simu. Nitatoka dakika 7 baadaye jioni. Napendekeza tujaribu kwa wiki nne kisha tutazame." Neno la kujaribu lina nguvu kuliko hoja yoyote ya haki, kwa kuwa linampa msimamizi njia ya kurudi nyuma asipotaka kufungwa. Mara chache sana huitumia.

Peleka barua hiyo mapema Oktoba. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Magharibi huporomoka kwa saa nzima usiku mmoja. Marekani hufanya hivyo Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wengi hukumbuka kuomba siku ya Jumatatu inayofuata, ratiba za zamu zikiwa zimeshatoka.

Ijumaa iombe peke yake, usiichanganye na hizi nyingine. Misikiti mingi ya mijini huswalisha Ijumaa mara mbili au zaidi kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Uliza saa za kila zamu, pima safari kwa miguu yako mwenyewe siku ya kazi, kisha uchague zamu inayoangukia mapumziko ya chakula. Saa moja na robo kwa kawaida inatosha kama msikiti uko karibu. Ikizidi, toa fidia mahsusi: uingie mapema Ijumaa, au mapumziko ya chakula ya Alhamisi yafupishwe.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwa adabu, na upendekeze njia ya pili kabla ya kulalamika. Uingereza haina sheria inayosema mwajiri lazima atoe mapumziko ya swala. Inachosema ni kwamba kanuni inayowaumiza watu wa dini fulani lazima iwe na lengo halali na isizidi kiasi. Mwajiri mwenye mtambo usioweza kuachwa ana hoja. Mwajiri anayewaruhusu wavuta sigara kutoka nje mara nne kwa siku hana. Shirika la Acas hushauri bure, na muda wa kupeleka shauri ni mfupi, basi usikae na kinyongo miezi mitatu kwanza.

Marekani, Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 na zaidi. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya Groff, kwamba mwajiri hawezi kukataa kwa usumbufu mdogo tu. Lazima aonyeshe mzigo mkubwa kwa biashara yake, na wenzako kutopenda dini yako si mzigo wa kuhesabiwa. Malalamiko hupelekwa ndani ya siku 180, au 300 katika majimbo yenye chombo chake cha haki za kazi.

Kuna kazi ambazo dakika 7 hazipatikani kweli: chumba cha upasuaji, usukani wa treni, mtihani unaosimamiwa. Madhehebu ya Shafi hayamruhusu mkazi kukusanya swala ila kwa mvua. Lakini ipo hadithi ya Ibn Abbas katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikusanya akiwa Madina bila hofu wala mvua, na wanavyuoni wengine wameitegemea kwa mwenye dhiki, mradi isiwe desturi. Muulize sheikh unayemwamini kabla siku ya dhiki haijafika. Kuacha swala kabisa kwa kuwa ratiba ni ngumu hakuna aliyekuruhusu.

Udhu na kibla

Malalamiko ya wenzako yatatoka kwenye sinki kuliko kwenye swala yenyewe: miguu juu ya beseni la kunawia uso, na maji sakafuni. Tibu hilo kwa khofu, yaani soksi za ngozi. Tawadha nyumbani kwa Alfajiri, uvae khofu au soksi zisizopenyeza maji ukiwa na udhu kamili, zikifunika vifundo vya miguu. Mchana kutwa utapangusa juu yake kwa mkono uliolowa, mara moja, badala ya kuosha. Mkazi ana mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu. Muda huanza kuhesabiwa pale udhu unapotenguka kwa mara ya kwanza baada ya kuvaa, si pale ulipovaa. Soksi za pamba nyepesi hazitoshi kwa Washafi. Khofu zikivuliwa humo kazini, upangusaji umekwisha na miguu itarudi kuoshwa.

Viungo vinavyobaki havihitaji maji mengi. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichozidi robo tatu za lita. Chupa ya nusu lita na kitambaa cha kufutia sinki vinakumaliza bila alama.

Kibla cha London ni kama nyuzi 119 kutoka kaskazini, kusini-mashariki. New York ni kama nyuzi 58, kaskazini-mashariki, jambo linalowashangaza wanaotazama ramani bapa. Dira ya simu hupotoshwa na chuma cha meza na nguzo za jengo, hivyo pima karibu na dirisha au nje kabisa. Kwa walioko Ulaya ipo njia isiyohitaji dira: tarehe 27 na 28 Mei, saa 6:18 mchana kwa saa ya Makka, jua husimama wima juu ya Kaaba, na tena tarehe 15 na 16 Julai saa 6:27. London huwa ni saa 4:18 na saa 4:27 asubuhi, Paris saa moja mbele. Dakika hiyo kabili jua, umekabili kibla. Weka alama ya penseli ukutani, itakutosha miaka.

Kiangazi: Isha isiyoingia

Juu ya latitudo ya 48.5 kaskazini, karibu na mwisho wa Juni, jua halishuki nyuzi 18 chini ya upeo, kwa hiyo giza kamili linalotumiwa kuhesabia Isha na Alfajiri halifiki. Paris imo, London imo, Stockholm ndiyo zaidi. Tromsø kule Norwei jua lenyewe halizami kwa wiki kadhaa. Mafundisho yapo: katika hadithi ya Dajali, Masahaba waliuliza kuhusu siku iliyo ndefu kama mwaka, wakaambiwa waikadirie. Tatizo ni kwamba kukadiria kuna njia zaidi ya moja, na hapo programu za simu huwachanganya watu.

Tazama tofauti yenyewe. London tarehe 21 Juni, usiku kutoka kuzama kwa jua hadi kuchomoza ni dakika 442. Ukitumia njia ya sehemu moja ya saba, Isha itaingia saa 4:24 usiku na Alfajiri saa 9:40. Ukitumia njia ya nusu ya usiku, Alfajiri itaanza saa 7:02 usiku. Kwa mfungaji hiyo ni tofauti ya zaidi ya saa mbili na nusu za daku. Programu haikuulizi, imeshachagua kwa niaba yako. Ingia kwenye mipangilio yake, uone njia na nyuzi inazotumia, kisha uzilinganishe na ratiba ya msikiti unaoswali. Fuata ratiba ya msikiti huo mwaka mzima. Kosa baya ni kuchukua Isha ya mapema kutoka ratiba moja na Alfajiri ya kuchelewa kutoka nyingine, ukajitengenezea usiku ambao hakuna mwanachuoni aliyeusema.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa iko kwenye baridi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Kufunga Desemba huko kaskazini ni kama saa 10 tu, lakini futari itakukuta kazini, kwa hiyo zile dakika 7 za Magharibi ziombe 15. Mwenye kisukari au anayemeza dawa kwa saa maalumu amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla, apate muda wa kubadilishiwa vipimo na kujaribu kwanza.

Mavazi

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ilimuunga mkono binti aliyenyimwa kazi dukani kwa sababu ya ushungi wake. Ulaya ni kugumu zaidi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Machi 2017, na ikaongeza masharti Julai 2021, kwamba mwajiri binafsi anaweza kupiga marufuku alama za imani, lakini marufuku hiyo iguse imani zote, iguse alama ndogo kama kubwa, na mwajiri athibitishe haja ya kweli. Basi ukiambiwa "kampuni yetu hairuhusu", omba kuona kanuni yenyewe iliyoandikwa. Kama haipo, au kama mwenzako amevaa msalaba shingoni, una hoja. Kama ipo na inawabana wote, uliza nafasi isiyokutana na wateja.

Kufunika uso kumekatazwa hadharani Ufaransa tangu 11 Aprili 2011, faini hadi euro 150. Ubelgiji, Austria na Denmark nazo zina sheria zao, na Uswisi tangu 1 Januari 2025. Picha ya pasipoti: Uingereza na Marekani hukubali ushungi kwa sababu ya dini ikiwa uso wote unaonekana, na Marekani hutaka taarifa iliyosainiwa. Ufaransa hutaka kichwa wazi. Omba mpiga picha mwanamke, jambo linaloombwa na kupatikana kwa simu moja.

Watoto shuleni

Kwa Idi, taja tarehe mbili kwenye barua, maana mwandamo haujulikani mapema: "ama Ijumaa ama Jumamosi, nitathibitisha jioni ya kuamkia". England, shule huruhusu kutokuwepo siku iliyotengwa kwa ibada na dini ya mzazi, lakini lazima uombe kabla. Ukituma ujumbe siku ya pili, mtoto huandikwa mtoro.

Kuogelea ndiko kunakovunja watu mioyo. Wazazi huomba binti aondolewe, shule hukataa, na mahakama huiunga mkono shule. Januari 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubalia Uswisi kuwalazimisha wasichana wadogo kuhudhuria masomo ya kuogelea ya mchanganyiko, na moja ya sababu ni kwamba walikuwa wameruhusiwa vazi la kusitiri mwili wote. Mahakama ya Ujerumani iliamua kwa mkondo huohuo 2013. Fundisho ni hili: usiombe mtoto aondolewe, omba njia ya kushiriki. Vazi la kusitiri, chumba cha faragha cha kubadilishia, mwalimu wa kike. Hayo hupatikana.

Kwenye vyakula vya pakiti, soma viambato mwenyewe. Jelatini isiyotajwa mnyama Ulaya mara nyingi ni ya nguruwe. E120 ni rangi ya mdudu, E471 yaweza kuwa mafuta ya mmea au ya mnyama, na baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Alama ya chakula kisicho na nyama huondoa shaka ya mnyama, haiondoi ulevi. Chanjo ya mafua ya kupuliziwa puani wanayopewa watoto wa shule Uingereza ina jelatini ya nguruwe. Ukiuliza, ipo ya sindano.

Ndoa na wasia

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoa vivyo hivyo. Nikaha iliyofungwa sebuleni, yenye walii, mashahidi na mahari, ni sahihi kwa sharia. Kwa sheria ya England si ndoa. Februari 2020 Mahakama ya Rufani ilisema hivyo waziwazi kuhusu wanandoa walioishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto. Anayeumia karibu kila mara ni mwanamke: wakiachana, au mume akifa bila wasia, sheria inamwona mgeni katika nyumba aliyoilea.

Mpangilio ni huu. England na Wales, nendeni ofisi ya usajili mtoe notisi angalau siku 28 kabla, na kama mmoja ni raia wa nje inaweza kufika siku 70. Baada ya notisi mnaweza pia kutumia msikiti uliosajiliwa kufungisha ndoa, ndoa ya serikali na nikaha ziishe siku moja. Ufaransa, ndoa ya serikali hutangulia. Imamu anayezoea kufungisha nikaha bila kuona cheti cha manispaa anaweza kufungwa miezi 6 na kutozwa euro 7,500. Ujerumani nikaha inaweza kutangulia, lakini haina nguvu yoyote ya kisheria. Marekani kibali kwa kawaida hutolewa na karani wa kaunti, na imamu anaweza kukisaini yeye mwenyewe.

Ndani ya hati ya nikaha andikeni mahari kwa kiasi na tarehe ya kulipwa, na sharti la mke kukabidhiwa haki ya kujitaliki ikiwa mahakama ya nchi imeshavunja ndoa. Bila hilo, wako wanawake walioachwa kwa karatasi za serikali na bado wananing'inia kwa sharia.

Mirathi ya Kiislamu haijifanyi yenyewe. Usipoandika wasia, nchi itagawa kwa hesabu yake. England unaruhusiwa kugawa karibu utakavyo, hivyo wasia wa mafungu ya Kurani unawezekana. Usaini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja chumbani, na wasiwe warithi wala wenzi wa warithi, maana shahidi anayerithi hupoteza fungu lake. Hapo ndipo wasia nyingi za familia huharibika: kaka anaitwa kushuhudia. Ufaransa sheria huwawekea watoto fungu lisiloguswa, nusu kwa mtoto mmoja, theluthi mbili kwa wawili, robo tatu kwa watatu na zaidi, sawasawa kwa wana na mabinti. Raia wa nchi nyingine anayeishi ndani ya Umoja wa Ulaya anaweza kuchagua sheria ya uraia wake, kwa kanuni inayotumika tangu 17 Agosti 2015. Mwone mwanasheria kabla ya kuchagua, kwani Ufaransa huweka ulinzi wake kwa watoto.

Mauti

Kuzika haraka kunategemea karatasi, si makaburi. England na Wales, tangu 9 Septemba 2024 kila kifo kisichokwenda kwa koroni (afisa anayechunguza vifo vyenye shaka) hupitiwa na daktari mkaguzi, kisha cheti hutumwa kwa msajili. Familia husajili ndani ya siku 5 na kupewa karatasi ya kijani, ndiyo ruhusa ya kuzika. Piga simu msikitini au kwa kamati ya mazishi saa ileile ya kifo, kabla ya kupiga kwa jamaa. Mwambieni daktari tangu mwanzo kwamba mazishi ni ya haraka kwa dini. Baadhi ya manispaa wana msajili wa zamu siku za mapumziko. Ulizeni namba yake sasa, mkiwa wazima. Koroni akitaka uchunguzi wa maiti, ombeni upigaji picha wa skana badala ya kupasua. Hakubali kila mara, na gharama kwa kawaida huwa juu ya familia.

Ufaransa na Ujerumani pana jambo jingine. Ufaransa jeneza ni lazima, na sehemu ya Waislamu makaburini hutegemea hiari ya meya. Ujerumani kaburi hukodishwa, mara nyingi miaka 20 hadi 30, na baada ya hapo laweza kutumiwa tena. Ulizeni muda na masharti ya kuongeza kabla ya kusaini. Kusafirisha maiti nje ya nchi huchukua siku, hugharimu sana, na mara nyingi mashirika ya ndege hutaka mwili utiwe dawa. Kwa maoni yetu azikwe alipofia.

Asiye na jamaa karibu yuko hatarini kuliko wote, kwani serikali za mitaa Uingereza zinaweza kuchoma maiti isiyodaiwa na mtu kama hazijui dini yake. Weka kadi kwenye pochi: jina, "Mwislamu, nizikwe, nisichomwe", namba ya msikiti na ya mtu mmoja. Nakala apewe daktari wako iingie kwenye faili. Na kwa kuwa England tangu 20 Mei 2020 huhesabu karibu kila mtu mzima amekubali kutoa viungo asipokataa, ingia kwenye daftari la wachangiaji uandike uamuzi wako, wowote ulio nao, kisha uwaambie wa nyumbani kwa mdomo, maana wao ndio watakaoulizwa usiku huo.